Mabati Yasiyolia

Bernadetha, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mokami katika kijiji kipya, anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Siku ya Muungano alikuwa pale uwanja mpya wa mpira wa Tarime na beseni lake la maandazi, amelifunika kwa nailoni, na mvua inanyesha. Washabiki walisimama kwenye majani kuuzunguka uwanja, huyu amejifunika jani la mgomba, yule gunia, mwingine hana kitu. Hao mvua iliwapiga kama kawaida ya mvua. Lakini Bernadetha anasema ilinyesha hata kwenye jukwaa kuu, chini ya mabati, juu ya makochi ya wageni, na bati halikuwa na tundu hata moja. Ilikuwa inapita tu. Mgeni rasmi alisoma hotuba mpaka karatasi ikawa uji mkononi, akamalizia kwa kichwa. Kisha akafungua mwavuli, wenzake nao wakafungua, wakakaa chini ya bati na miavuli yao hadi refa alipopuliza filimbi ya mwisho.

"Wewe ulikuwa umesimama wapi?" Mokami alimwuliza.

"Pale pale jukwaani. Si ndiko walipo wenye hela?"

"Wakanunua?"

"Andazi lililolowa anunue nani?"

Mokami aliendelea kuchambua mboga. Baadaye akauliza, "Na bati lilikuwa linalia?"

Bernadetha alifikiri kidogo. "Sasa umesema. Halikulia. Mvua yote ile, bati kimya kama blanketi."

Mokami hakuuliza tena, kwa sababu mabati yale aliyafahamu. Yalikuwa ya nyumba yao.

Nyumba yenyewe ilikuwa kilimani, ukingoni mwa Turwa, na mwenye nyumba alikuwa Nyangi, mwanamke mtu mzima aliyeyanunua mabati hayo kwa kuuza mafahali wawili. Nyangi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kama ilivyo desturi ya Wakurya, alitoa ng'ombe akamwoa Mokami, ili Mokami azae na mtoto awe wa nyumba ya Nyangi. Mtoto alikuja, wa kiume, wakamwita Mogesi. Mtu akiuliza mume wa Mokami ni nani, watu wa kule Turwa walimwonyesha Nyangi, wakaendelea na shughuli zao.

Ulipofika mwaka wa operesheni ya vijiji, lori lilipanda kilimani na mgambo. Aliyewaongoza alikuwa mtu wa kuja, Nikolaus, ambaye watu walimwita Bwana Michezo, maana kazi yake hasa ilikuwa michezo. Ila mwaka ule michezo ilisimama, akapewa kuhamisha watu.

"Mume wako yuko wapi?" alimwuliza Mokami.

"Ni huyu hapa," Mokami akasema, akamwonyesha Nyangi kwa midomo. Nyangi alikuwa amekaa juu ya kinu, ameshika kuku.

Bwana Michezo alicheka mpaka akafuta machozi. "Naulizia mwanamume, ndugu. Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi," Nyangi akasema.

"Wewe ni mama mkwe wake."

"Mimi ni mume wake."

"Basi nyumba hii haina mwenyewe," Bwana Michezo akasema bila hasira, akawaambia mgambo wang'oe mabati polepole yasipinde. Mabati ya watu wengine yalipakiwa pamoja na watu wao yakaenda kijiji kipya. Yasiyo na mwenyewe yaliwekwa kando kwa kazi za taifa, na kazi ya taifa iliyotangulia ikawa jukwaa la uwanja.

Katika kijiji kipya walipewa kiwanja na nyasi. Nyasi zilikuwa chache na masika yakawahi. Maji yaliingia juu, yakaingia chini, na Mogesi akaanza kukohoa kikohozi cha kifuani. Mganga wa zahanati alimwekea sikio mgongoni. Akasema dawa anayo na atampa, lakini dawa haitafanya kitu mtoto akilala panapovuja. Alale pakavu. Mokami alirudi nyumbani akahamisha kitanda pembe zote, na pembe zote zilikuwa sawa.

Siku chache baada ya maneno ya Bernadetha, Mokami na Nyangi walipanda kilimani na mtoto kuchimba viazi vitamu vilivyobaki katika mahame yao. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, na mvua iliwakuta njiani. Walipofika ilikuwa imeshika kweli kweli. Hapakuwa na ukuta wala nguzo. Ng'ombe wa watu walikuwa wamekanyaga hata mafiga. Lakini pale palipokuwa nyumba palikuwa pakavu. Mvua ilikoma kwenye mstari ulionyooka kama ukingo wa mkeka, na upande wa ndani vumbi lilikuwa vumbi. Juu, hewani, mvua ilisikika ikipiga bati, ile sauti nzito inayomfanya mtu apaze sauti akitaka kusikika.

Nyangi aliinama kidogo pale ulipokuwa mlango, akaingia. "Ingia, mtoto asilowe."

Mokami aliinama naye, akaingia. Mwanga wa mle ulikuwa mwanga wa ndani. Palinuka moshi na maziwa, ingawa hakuna aliyewasha moto tangu walipohamishwa.

"Imerudi," Mokami akasema.

"Haikwenda popote," Nyangi akasema. "Wao walichukua bati tu."

Walimlaza Mogesi juu ya kanga. Alilala mchana wote hajakohoa, na wanawake wawili wakakaa wakisikiliza sauti ile mpaka nao wakasinzia, kila mmoja katika upande wake wa zamani. Kesho yake walirudi. Kesho kutwa walibeba chungu na godoro, hawakushuka tena. Kifua cha mtoto kikaanza kufunguka.

Huko chini uwanjani, lawama zote zilimwangukia fundi Jumaa, seremala wa Nyamisangura aliyelipaua jukwaa. Alipanda akapaka lami kwenye kila msumari. Alimwaga ndoo ya maji juu ya bati. Maji yakateremka vizuri kwenye mfereji, na waliokaa chini wakalowa vilevile. Jua likiwaka, liliwachoma chini ya bati kama wako porini. Jumaa alishuka ngazi akasema yeye kazi yake amemaliza, kilichobaki hakina msumari.

Kisha mgambo wakaleta habari kwamba kuna wanawake wawili wamerudi mahameni. Bwana Michezo alipanda kilimani mwenyewe, na Jumaa akamfuata, kwa sababu alitaka kuona nyumba iliyotoa yale mabati. Mvua ilikuwa inanyesha. Bwana Michezo alifika penye mstari mkavu, akasimama pale ulipokuwa mlango, akasema, "Hodi."

"Karibu," Nyangi akasema.

Akapangusa viatu, akainama, akaingia. Alikaa juu ya jiwe akaitikia salamu, akasikiliza bati likilia hewani.

"Kwa hiyo kinga ya bati letu iko huku," akasema.

"Si nilikwambia?" Jumaa akasema. "Bati langu zima."

"Kama iko huku, basi ni ya uwanja. Bati ni la uwanja, na kinachotokana na bati ni cha uwanja. Nyinyi mnatakiwa kijijini, ndugu zangu. Mahameni haruhusiwi mtu."

"Ulipiga hodi," Nyangi akasema.

"Nani?"

"Wewe. Kama nyumba haina mwenyewe, hodi ulimpigia nani?"

Jumaa aliangalia vidole vyake. Bwana Michezo alijifuta uso kwa leso, akaikunja, akairudisha mfukoni.

"Hiyo ni adabu tu, mama," akasema.

Kamati ya uwanja ilikaa, ikaona jambo lenyewe si gumu. Wageni wanahitaji pakavu, pakavu papo, basi wageni waende. Makochi yakapandishwa kilimani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Mgambo waliwashusha Nyangi na Mokami kijijini na chungu chao, wakafunga kamba kuzunguka mstari mkavu. Tangu hapo, siku ya mechi, wageni walikaa kilimani, wakautazama uwanja ulioonekana kule chini kama kitambaa kilichoanikwa. Walikuwa na darubini moja wakipokezana. Kwa kuwa darubini haikutosha, mgambo mmoja mwenye sauti, Heche, alisimama nje ya kamba kwenye mvua, akitangaza mpira uko kwa nani. Alikuwa na macho makali sana.

Washabiki walizoea. Jukwaa kuu lilibaki tupu, mvua ikinyesha chini yake taratibu. Wengine walisema mpira umekuwa mtamu zaidi, maana hakuna wa kuwakataza kutukana. Lakini likiingia goli, watu wote waligeuka kwanza kutazama kilimani kama wakubwa wamepiga makofi.

Mogesi alianza kukohoa tena usiku wa kwanza kijijini. Nyangi alikaa naye akimfunika kwa mgongo wake, maji yakimdondokea yeye, mpaka naye akashikwa na homa akalala. Siku Tarime ilipocheza na Mugumu mtoto aliacha kulia, akabaki anahema tu, mbavu zinaingia na kutoka. Mokami alimfunga mgongoni akapanda kilima peke yake.

Alifika kipindi cha kwanza hakijaisha. Mvua ilikuwa nyingi. Ndani ya kamba wageni walikaa kwenye makochi yaliyokauka, na Bernadetha alikuwa kati yao na beseni lake, kwani wauzaji waliruhusiwa. Bernadetha alimwona Mokami, akainamisha kichwa akahesabu maandazi.

Mokami alizunguka kamba mpaka pale ulipokuwa mlango.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyeitikia, maana bati lilikuwa linalia sana. Akapaza sauti, akamwita Bwana Michezo kwa jina lake, "Ndugu Nikolaus!" Bwana Michezo, darubini machoni, alinyanyua kiganja kumwomba asubiri.

"Kona!" Heche akapiga kelele. "Kona ya Tarime!"

Wageni wote wakaegemea mbele. Kiganja kilibaki juu. Mokami alimfungua Mogesi mgongoni akamshika kifuani, akamweka karibu na kamba, miguu ya mtoto ikawa upande mkavu na kichwa bado upande wa mvua.

"Siombi bati," akasema. "Naomba alale hapo pembeni mpaka mvua ikatike. Mimi nitakaa huku nje."

Mpira ulipigwa, ukapaa, ukapotea kwenye ukungu, na hata Heche akanyamaza akiutafuta.

"Pembeni tu, ndugu," Mokami akasema tena. "Pale nilipomzalia."