Mafundo ya Mashoto

Tangu wamzike mumewe, mama huyu alikuwa hasikii kitu. Watu walimwambia kilio huja chenyewe, asikilazimishe, naye hakukilazimisha. Alikaa tu akingoja, kama mtu anayengoja maji ya bomba yarudi, na sasa wiki ya tano ilikuwa inakatika. Alikula alipopewa. Wenzake walipocheka na yeye alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo. Siku moja ndoano ilimwingia chini ya ukucha wa kidole gumba, akaitazama, akaichomoa, akaendelea na kazi bila hata kuguna.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kufunga mishipi ya kuvulia samaki wadogo wa chini, wale wanaoshinda kwenye mawe na nguzo za gati. Ukiitazama utaiona kazi ya kupotezea wakati, lakini ijaribu kwanza. Unakata nailoni urefu wa mkono na nusu. Juu unafunga kitanzi cha kuungia mshipi mkubwa, chini kitanzi kingine cha kuning'inizia kipande cha risasi cha kuzamishia, na katikati unatoa matawi mawili mafupi, kila tawi na ndoano yake ndogo. Kila fundo unalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikikazwa kavu hujiunguza, na fundo lililoungua linakuaga siku ile ile samaki anapouma. Ukimaliza unaizungusha seti nzima kwenye kipande cha boksi, unachomeka ndoano pembeni zisimdhuru mtu, basi. Mumewe aliifanya kazi hiyo miaka thelathini kwenye meza ya dirishani, na yeye alijifunza kwa kukaa mbele yake na kumtazama.

Watu walimwita mumewe Mashoto kwa sababu alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, hata kupunga. Mafundo yake nayo yalizunguka kushoto. Ya mkewe yalizunguka kulia. Wanunuzi hawakuona tofauti, mwenye duka hakuona, na wenyewe walijigamba kwamba seti zao zikichanganywa hakuna wa kuzitenganisha. Lakini wao wawili waliweza. Mmoja wao akiinua fundo kwenye mwanga, alijua papo hapo ni la nani.

Juu ya kabati kulikuwa na kopo la biskuti lenye seti kumi na nne, kazi ya wiki ya mwisho kabla Mashoto hajapelekwa hospitali. Mama hakuwa amelifungua tangu msiba. Hakumwambia mtu kwamba analitunza, maana mwenyewe hakuwa na hakika kama anatunza kitu. Alijua jambo moja tu: humo ndani mna mafundo ya mkono wa mumewe, na kama kilio kitakuja, kitakuja siku atakayoyashika.

Jumanne asubuhi alirudi kutoka sokoni akakuta juu ya kabati kumepanguswa mpaka kunang'aa. Wifi yake, dada mkubwa wa Mashoto, alikuwa amekuja kumsaidia usafi. Wifi huyu alikuwa na moyo wa dhahabu na mikono isiyotulia, na ukimwacha nyumbani kwako saa moja utatafuta vitu vyako mwezi mzima.

"Wifi, kopo liko wapi?"

"Lile la biskuti? Nimeliosha, liko jikoni, tutatilia sukari. Na zile seti nimekupunguzia safari, mwenzangu. Nimezibeba zote pamoja na ulizofunga juzi na jana, nimempelekea Neno Moja. Alikuwa anazingoja masikini, msumari wake mtupu."

Mama aliweka kikapu chini. Alijua kwamba hapa ndipo mtu anapotakiwa kukasirika, akaitafuta hasira, hakuipata.

"Za kwenye kopo zilikuwa za kaka yako," alisema. "Za mwisho."

Wifi alikaa kitini taratibu na kitambaa mkononi. "Ungeniambia, wifi. Mimi ningejuaje?"

"Sikumwambia mtu."

"Sasa unasimama nini? Nenda! Nenda kabla hazijanunuliwa! Mungu wangu, mikono hii mtu angenikata." Tayari alikuwa analia. Wifi alilia kirahisi siku hizo, popote pale, hata akimenya vitunguu hukujua kinachomliza ni kipi. Mama alimtazama kwa kitu kilichokaribia wivu, akatoka.

Duka lilikuwa mtaa wa pili, chumba kirefu chenye giza, ndoo zimening'inia darini, kamba zimeviringishwa sakafuni, na harufu ya rangi ya mashua inayokaa kooni. Mwenye duka aliitwa Neno Moja kwa sababu hilo ndilo alilokuwa nalo. Ukimuuliza bei anataja namba. Ukimuuliza habari za nyumbani anasema "Wazima," hata wakiwa wagonjwa wote. Alikuwa rafiki wa Mashoto tangu ujana, na Mashoto alikuwa akisema wameelewana kwa sababu yeye alisema ya wote wawili.

"Shemeji," mama alisema, "umeshauza zile seti alizoleta wifi?"

"Bado."

"Zimo za marehemu humo. Zimekuja kwa bahati mbaya. Naomba nizitafute."

"Tafuta."

Zilikuwa hamsini na tatu, zimetundikwa kwenye msumari mmoja, zote sawasawa. Mama alizikumbatia akaenda nazo mlangoni kwenye mwanga, akakaa juu ya debe lililogeuzwa. Aliinua ya kwanza, akalipeleka fundo la kitanzi karibu na jicho. Kulia. Akaiweka upande wake wa kulia. Ya pili, kulia. Ya tatu, kulia. Upande wa kushoto, sakafuni, aliacha nafasi.

Alipofika ya ishirini na nafasi ile bado tupu, alianza kukumbuka jambo ambalo hakuwahi kulisahau, ila hakuwa amelitazama vizuri. Mwaka wa mwisho mikono ya Mashoto ilianza kutetemeka. Siku moja alivuta seti aliyoifunga mumewe asubuhi, na fundo likateleza likafunguka lenyewe, kama kamba ya kiatu cha mtoto. Hakusema kitu. Angemwambia nini mtu ambaye fahari yake yote ilikuwa vidole? Alingoja mpaka mumewe alipojilaza baada ya chakula cha mchana, akaketi mezani, akakata nailoni mpya, akaifunga seti upya na kuirudisha kwenye boksi lake lile lile. Kesho yake alirekebisha mbili. Ikawa desturi. Aliifanya huku birika likichemka, akili ikiwa kwenye dawa, kwenye shuka za kufua, kwenye siku ya kliniki. Alidhani anazigusa zile mbovu tu. Hakuwahi kuhesabu.

Ya arobaini, kulia. Ya arobaini na moja, kulia. Sasa alikwenda pole pole, akikagua mafundo yote manne ya kila seti, kitanzi cha juu, matawi mawili, kitanzi cha chini, labda limebaki moja. Fundo moja lingemtosha. Lingekaa kwenye kopo hata na sukari ikibidi.

Ya hamsini na tatu ilikuwa kulia kote.

Alikaa na ile seti mkononi. Lori lilipita, ndoo zikagongana darini, zikatulia.

"Hazipo?" Neno Moja aliuliza kutoka nyuma ya kaunta.

"Hazipo." Akasikia mdomo wake unaendelea. "Nilizifungua, shemeji. Mikono ilikuwa imemwisha, mafundo hayashiki. Akilala, mimi nazifungua nafunga upya. Hata hizo za mwisho. Sikumwachia hata moja. Nimemfuta mwenyewe, kwa mikono yangu hii."

Neno Moja hakuwa mtu wa kutoka nyuma ya kaunta yake. Wengine walidhani hana miguu. Alitoka. Alipita kwenye msumari mtupu wa seti, akaushika, akauachia, akaja akasimama mbele yake.

"Alijua," alisema.

"Nani?"

"Mashoto." Akanyamaza, na mama akadhani amemaliza. Lakini alikuwa anayapanga. "Alikuja hapa na fimbo yake. Miezi miwili kabla ya msiba. Akachukua seti moja hapo, akaiinua hapo hapo ulipokaa. Akaniambia, ona ajabu, uzee huu mafundo yangu yamehamia kulia. Akasema, mke wangu ananifungia upya akidhani nimelala. Mimi silali. Najilaza tu, nasikiliza anavyokata nailoni."

Mama aliigeuza seti mkononi.

"Akasema nisikwambie. Ukijua utaacha. Ukiacha, asubuhi yeye hatakuwa na la kufanya." Neno Moja alipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, kama mtu aliyebeba mzigo mzito kutoka mbali. "Nisamehe. Niliahidi."

Mama alitazama mafundo yaliyokuwa mkononi. Alimwona pale kitandani, ameupa ukuta uso, anapumua kwa mpango, na yeye mezani akiubana mkasi usilie. Wote wawili wakijitia hamnazo, kila siku, nusu saa nzima.

"Alikasirika?"

Neno Moja alitikisa kichwa. "Alicheka."

"Alicheka?"

"Sana."

"Alicheka vipi?"

Neno Moja alitazama barabarani, huenda akaona mtu wa kumwokoa. Hakukuwa na mtu. Basi akavuta pumzi, mzee mzima, akafumba macho, akajaribu: he, he, he. Kilikuwa kicheko cha mtu anayesoma kilichoandikwa ukutani.

"Siyo hivyo," mama alisema. Alijisikia vibaya, mwili mzima, na ilimshangaza. "Hakuwa anacheka hivyo, shemeji. Alikuwa anaanzia puani, kwanza kidogo, kama anazuia. Halafu mabega. Halafu ndiyo..."

Akainua mabega ili amwonyeshe. Akafungua mdomo kutoa kicheko cha mumewe, na badala yake kikatoka kilio, kikubwa, kisicho na adabu, mpaka mwenye duka la jirani akachungulia. Neno Moja alivuta mlango wa duka akaufunga, mchana kweupe, akakaa sakafuni kando yake.