Somo Lililoishia Mstari wa Tatu

Aliyemfundisha mwalimu Elinaza kufundisha ni mimi. Wengine watakwambia vingine, waache waongee.

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika chuo kimoja pale Same mjini, mhadhiri msaidizi Elinaza alifungua kompyuta yake, akasema leo tunaangalia magonjwa ya tangawizi, na maneno yakaanza kumtoka yakiwa maji. Yalikuwa maji ya kawaida, baridi kidogo. Yalipita chini ya viti vya mbele, yakaishia mstari wa tatu. Wa mbele walivua viatu wakaendelea kuandika. Kwetu sisi wa nyuma vumbi lilibaki palepale, na kwenye jaribio tulipata sufuri zilizokauka vizuri.

Elinaza alikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mkataba ulimtaka awe amechapisha makala ya utafiti ifikapo Juni, la sivyo arudi kwao Msangeni. Kwa hiyo wikiendi alipanda milimani Mamba kuchimbua tangawizi zilizooza, na darasani alimwaga yote kwa saa mbili mfululizo ili awahi kuandika.

Aliyekausha sakafu ni Mama Dorkasi, mfanya usafi. Siku moja Elinaza alimwamkia, akamwomba radhi kwa maji.

"Marahaba. Maji si kosa, baba. Kosa ni kuacha bwawa wazi kutwa. Kwetu Mbaga ndiva, bwawa la kumwagilia, inajazwa, inafunguliwa kwa zamu, inafungwa. Na maji yakiwa machache tunaanza na shamba la mkiani. Wa juu hawafi kiu, mfereji unapita kwao."

Jumatatu iliyofuata Elinaza alisimama nyuma. Aliongea dakika kumi, akanyamaza, akagawa tangawizi zake zilizooza, tuzipasue tumwambie tunaona nini. Maji yalituama mstari wa mwisho, kisha yakapanda taratibu kwenda mbele. Kufikia Mei darasa zima lilikuwa limelowa hadi magotini, na majibu yetu yamejaza nusu ya makala yake. Nusu ya pili ilikosa muda. Alikuwa akisahihisha madaftari themanini na mawili.

Juni kamati ilikaa. Fomu ilikuwa na safu ya makala. Safu ya ufundishaji haikuwepo. Mwenyekiti alikunja suruali isilowe, akasaini, akamtakia Elinaza safari njema.

Aliyekuja baada yake ana makala nne. Maji yake yanaishia mstari wa pili. Chuo kimenunua ndoo.

Juzi nilikuwa nimekaa darasani nikiwasimulia wa mwaka wa kwanza jinsi nilivyomshauri mwalimu aanzie nyuma. Mama Dorkasi akaingia na dekio.

"Huyu?" akawauliza. "Huyu alikuwa analala palepale alipokaa, mdomo wazi, vumbi hadi kwenye kope. Kwa kumtazama yeye ndipo nilipojua maji hayafiki."

Nikanyanyua miguu apige deki. Akapita bila kuinama. Pale nilipokaa palikuwa pakavu.