Kisanduku Kilichomngoja Injinia

Cheo cha Injinia alipewa na dada yake. Ndiye aliyempigia debe kwa meneja wa kituo cha kutotolea vifaranga, ambako dada mwenyewe alifanya kazi ya kuangalia mayai tangu kituo kikiwa na mashine moja. "Mdogo wangu ni injinia," alisema, na meneja, mtu wa kupenda mambo ya kisasa, akakubali. Basi Injinia akatengeneza kisanduku cha plastiki, ndani yake kompyuta ndogo ya kuenea kiganjani, iliyowasha na kuzima hita za mashine ili mayai yasipoe wala kuungua. Akakifunga ukutani, akapigiwa makofi, akavimba kichwa.

Umeme ulipokatika na kurudi mara ya kwanza, taa ya kijani ya kisanduku iliwaka vizuri, ila hita zilibaki baridi. Dada akampigia simu. Injinia akaja, akachomeka laptopu yake, akaandika neno la siri, akaingia kwenye kompyuta ya kisanduku. Hapo hapo mistari ya namba za joto ikaanza kupita kwenye kioo cha laptopu, hita zikashika moto.

"Mbona inafanya kazi, dada?"

"Sasa hivi ndiyo. Kabla hujaja ilikuwa imelala."

"Umebonyeza nini?"

"Nibonyeze nini, na hakina hata kitufe? Kinakungoja wewe. Kikikuona tu, kinaamka."

Wanawake wa kuchambua vifaranga wakacheka. Injinia naye akacheka, lakini meno tu.

Ikawa ndiyo mtindo. Umeme unakatika, unarudi, hita zimelala, Injinia anakuja amenuna, anaingia na neno lake la siri, kila kitu kinaamka. Ungedhani mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Yeye alijiuliza kwa nini dada yake anamwaibisha. "Usiniharibie jina," alimwambia mbele ya watu, mwanamke aliyemlea na kumsomesha. Dada akaendelea kupanga mayai kwenye trei.

Mwishowe umeme ukakatika usiku, ukarudi, hita zikalala mpaka asubuhi, na vifaranga vya mashine nzima vikafia ndani ya maganda. Harufu ilifika mpaka barabarani. Meneja akamwita Injinia ofisini, dada amesimama mlangoni na aproni yake.

"Nieleze bila kuzunguka," meneja akasema. "Tatizo ni mashine au ni mtu?"

Injinia alikuwa ametoka kukagua kisanduku muda huo huo, na kilikuwa kinachapa kazi. "Mashine ni nzima," alisema. Angeishia hapo, lakini alitaka kujikosha. "Labda kuna mtu anaichezea."

Hakumtazama dada yake. Dada akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, akaenda zake. Unga wake ulimwagika hivyo, kwa neno la mdogo wake wa tumbo moja.

Haukupita muda Injinia akapata mteja mwingine, akaunda kisanduku cha pili nyumbani kwake. Akakichomeka kwenye umeme, akaenda kubandika chai. Aliporudi, taa ya kijani inawaka, programu ya kuendesha hita haijaanza. Akaingia na neno la siri, ikaanza. Akazima, akawasha, safari hii akakaa tu anakitazama. Hakuna kitu.

Amri ya kuanzisha programu alikuwa ameiweka kwenye faili linalosomwa mtu anapoingia, badala ya mahali panaposomwa kompyuta inapowaka. Na neno la siri alikuwa nalo peke yake. Kila alipokwenda kuangalia kama programu imeanza, kuingia kwake ndiko kulikoianzisha. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Akakimbilia kituoni, akauhamisha mstari ule mmoja wa amri, akajiambia atasema baadaye. Umeme ukakatika tena, ukarudi, hita zikawaka zenyewe. Ndipo alipojikaza akaingia ofisini.

"Bosi, kosa lilikuwa langu. Dada yangu hakugusa kitu."

Akaeleza yote, faili na neno la siri. Meneja alimsikiliza akitabasamu, kisha akamgonga bega.

"Una moyo mzuri, Injinia. Ni dada yako, lazima umtetee. Lakini tangu aondoke, hita zimelala tena? Si wewe uliyesema kuna mtu anaichezea?"

Injinia akaaga. Akatoka hapo mpaka kwa dada yake, akamkuta uani anaanua nguo. Akamweleza naye yote. Dada hakumkatiza. Alikunja shuka, akakunja na foronya, akaziweka kwenye beseni.

"Kwa hiyo kilikuwa kinakungoja wewe."

"Ndiyo, dada."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Sasa nimekitengeneza. Kinaamka chenyewe."

"Basi hakina haja nawe tena," dada akasema, akijitwika beseni. "Hata mimi sina haja nawe."

Akaingia ndani, akafunga mlango.