Kura ya Marehemu Ikupa

Kura zilipofungwa siku ya Jumatano, Ashraf alikuwa amempita Sadoki wa Ihanda kwa kura arobaini na moja, na vijana wa Chapwa, mtaani kwao, wakapuliza mavuvuzela utadhani Kombe la Dunia limeletwa Tunduma. Dada yake Ashraf, Fauzia, alishangilia nao. Kisha akarudi dukani kwake, akaketi, akaanza kuogopa.

Yeye ndiye aliyezipika. Tuseme ukweli mapema, tusizungushane. Tovuti iliyokuwa ikimtafuta Mchezaji Bora wa Ligi ya Mpakani ilidai baruapepe moja kwa kura moja, na kura haikuhesabiwa mpaka uifungue baruapepe yako uithibitishe. Sasa, nusu ya Tunduma ilikuwa imefunguliwa baruapepe na Fauzia. Madereva, wachuuzi, wanawake wenye waume ng'ambo ya mpaka, wote walikuja kwenye steshenari yake yenye kompyuta nne, na kwa kuwa walisahau neno la siri kabla hawajafika mlangoni, yeye aliwaandikia kwenye daftari. Walimwachia kama mtu anavyomwachia jirani ufunguo. Ashraf alipoanza kuachwa nyuma, Fauzia alilifungua daftari lile na kupiga kura ukurasa kwa ukurasa. Mshindi angekwenda kufanyiwa majaribio na timu kubwa ya Dar es Salaam, na mdogo wake alikuwa na miaka ishirini na tatu. Nafasi nyingine isingekuja. Sadoki alikuwa mkali kuliko yeye, hilo hata Fauzia alilijua, lakini ndugu zake walikuwa mashambani na kahawa yao. Nani angelalamika kwa niaba yake?

Kwenye ukurasa wa kumi na mbili kulikuwa na Ikupa. Huyu alikuwa rafiki yake, mzaliwa wa Ikinga, aliyekuwa akija kila Ijumaa kuchati na mumewe Osward, dereva wa malori ya Kongo. Uzazi ulimchukua mwaka uliotangulia, akazikwa kwao Ikinga. Mkono wa Fauzia haukusita, ulikwishazoea kasi. Akafungua, akathibitisha, na pembeni mwa kioo, kwenye kidirisha cha kuchati cha baruapepe ile, maandishi yakaruka: *Ikupa? Ni wewe?*

Aliizima kompyuta kwa kung'oa waya ukutani.

Alhamisi watu wa Ihanda walilalamika, na waandaaji wakatangaza kwamba mwenye ushahidi wa udanganyifu aulete kabla ya Jumapili. Ijumaa mchana ushahidi uliingia dukani kwa miguu yake wenyewe. Osward alikuwa na macho mekundu, na vumbi la safari lilikuwa limempanda mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, mke wangu yuko wapi?"

"Shemeji Osward, si tulimzika?"

"Mlizika nyie. Mimi nilikuwa nimekwama Kasumbalesa, mpakani Kongo, siku kumi na moja, nimefika udongo umeshakauka. Uso wake sikuuona. Halafu juzi jina lake linawaka kijani kwenye simu yangu! Na kura amepiga, jina lake nimelikuta kwenye orodha ya wapiga kura. Wakwe zangu wamemficha. Wamemwoza kwa mwingine kwa vile sikai nyumbani. Kesho napanda Ikinga na jembe. Nafukua."

Fauzia aliyaona yote kwa mpigo: kaburi, mama yake Ikupa amesimama mbele ya jembe, na Ashraf anapokonywa tuzo hadharani. Angeweza kunyamaza, jembe likasema ukweli lenyewe. Aliona aibu kwamba hata aliliwaza. Akalitoa daftari, akalifungua ukurasa wa kumi na mbili.

"Ni mimi," akasema. "Nilimpigia kura Ashraf kwa jina la mkeo. Ikupa amekufa, shemeji. Nilikuwepo walipomvalisha. Nilimwona."

Osward alilipitishia kidole lile jina, mara mbili, tatu. Fauzia alingoja tusi, alingoja kofi. Yote angeyapokea.

"Ile taa ya kijani," Osward akasema. "Dakika zile nilikuwa na mke." Akalifunga daftari taratibu. "Ikinga sitakwenda. Kwa waandaaji nako sitakwenda. Ila kila Ijumaa, saa nane ya huku, niwashie."

"Nikuwashie nani? Shemeji, hayo si mambo ya kufanya."

"Niwashie. Au nimtafute Sadoki sasa hivi."

Ashraf alikabidhiwa kombe. Siku ya kuondoka alimuuliza dada yake, bila kumtazama, kama kura zile zilikuwa halali. "Halali kabisa," akajibu Fauzia. Dar walimweka siku tisa, wakamrudisha. Tangu hapo hakugusa mpira, wala hakuuliza tena.

Hapo Fauzia angeweza kuacha. Hakukuwa tena na tuzo ya kulinda, na Sadoki alikwishaoa, akarudi kwenye kahawa. Lakini kila Ijumaa, baada ya swala, alijikuta amefunga mlango wa duka na kuketi mbele ya jina la marehemu, akisoma. *Mke wangu, umeshindaje. Leo Ndola mvua. Nimekula nshima, ugali wa huku, si kama wako.* Hakuwahi kujibu. Alihesabu nusu saa, akafunga, akaenda kunawa uso.

Ijumaa moja ya Machi yalikuja haya: *Mbona hunijibu? Umenikasirikia kwa kuwa sikukuzika?*

Fauzia aliyasoma huku machozi yakimtoka. Kisha akaweka mikono juu ya vibonye na kuandika, kwa maneno ambayo Ikupa mwenyewe angeyaandika: *Sijakukasirikia, mume wangu. Nilikuwa nimelala.*