Mawe Yaliyoiva Mapema

Kazini walimwita Injinia. Kwa baba yake alikuwa Kitinda, mtoto wa mwisho, na hakuna cheo kilichowahi kulishinda jina hilo.

Programu aliyoitengeneza na wenzake ilikuwa kubwa mno. Kila alipobadilisha kitu, ilibidi kompyuta iijenge upya, faili moja baada ya nyingine, zimepanga foleni kama ndoo bombani. Hapo Kitinda aliinuka, akaenda kusimama kwenye ngazi za nyuma, akampigia baba.

"Unachemsha mawe tena?" mzee aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. Ndivyo alivyokuita kule kuingoja kompyuta.

"Nachemsha, baba. Bado hayajaiva."

"Basi tupige soga."

Sauti hiyo ilikuwa inakwisha. Daktari alishasema ugonjwa wa koo utaichukua yote, polepole. Dada mkubwa, aliyekaa na mzee, aliwaambia ndugu wote: mwenye kutaka kumsikia, amsikie sasa.

Ndipo Kitinda akapata wazo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kompyuta ile ilikuwa na vidole vingi vilivyolala. Akaiagiza ijenge faili nyingi kwa wakati mmoja. Zilizotegemeana akazipangia zamu, zisizojuana zikaenda pamoja. Akiwahi kumaliza kazi, alijiambia, atatoka mapema aongee na baba mpaka wachoke wenyewe.

Ikakubali. Kilichokula karibu saa nzima kikawa kinaisha kabla hajainuka kitini. Ofisi nzima ikampigia makofi. "Sasa tutafanya kazi mara nne!" bosi akasema, na kweli wakafanya. Punda akionekana ana nguvu huongezewa mzigo, nani asiyejua? Msomi wetu tu.

Ngazi za nyuma hakuzikanyaga tena. Alitoka kazini hoi, baba ameshalala. Nitapiga kesho, alisema, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Siku aliyopiga, simu aliipokea dada.

"Alikungoja," dada alisema. "Kila mchana ananiuliza, kwani huyu siku hizi hachemshi mawe? Tangu juzi haulizi. Sauti imekwenda, mdogo wangu."

Kitinda alilia pale pale mezani, mbele za watu, wala hakujali nani anamtazama.

Kisha akajifuta uso, akafungua mipangilio, akaiambia kompyuta ijenge faili moja moja kama zamani. Bosi akaja kuuliza kulikoni.

"Inajenga," alimjibu, akatoka kwenda kwenye ngazi, akapiga tena nyumbani.

"Mwekee simu sikioni, dada."

Akasikia pumzi za baba, nzito, karibu kabisa.

"Nachemsha mawe, baba," alisema, akanyamaza kidogo, pale ambapo mzee angejibu. "Bado hayajaiva."

Akapiga soga ya watu wawili peke yake. Kompyuta ilipomaliza kujenga, hakurudi mezani.