Eneo Lisilo na Watu

Siku Kasimiri alipoondoka, yeye na mkewe Fransiska walikuwa shambani kwao Kasense, wakifukia majani kwenye matuta ya mviringo. Redio ilining'inia kwenye mpini wa jembe. Mtangazaji alisema jiwe kubwa linakuja kutoka angani, lakini wananchi wasiwe na hofu. Wataalamu wamekokotoa: litaangukia uwanda wa Ufipa, eneo lisilo na watu.

Kasimiri aliacha kulima.

"Fransiska, kwani sisi ni nini?"

"Mimi ni mtu. Wewe sijui, tangu asubuhi uko kwenye tuta hilo hilo."

Kasimiri alicheka, akafuta jembe kwa majani, akavua mabuti. Pembeni mwa shamba lilisimama tanuru la udongo ambalo mababu walilitumia kuyeyushia chuma. Alipanda mpaka kileleni, kisha akaendelea kupanda. Hapakuwa na kitu cha kukanyaga, lakini alikwenda kwa uangalifu, kama mtu anayejua ngazi yake ni mbovu.

Jirani yao Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe, alisimama kutazama.

"Shemeji, mzee kaenda bila sweta. Wafipa kwa kujifanya mmezoea baridi!"

Fransiska akampigia mumewe kelele arudi alichukue. Sauti ya Kasimiri ilishuka kutoka juu.

"Liache. Wewe koka moto tu. Nikiona moshi, nitajua jiwe hilo nawashikia watu. Nisipouona, nitaachia."

Jiwe lilifika Jumapili, watu wakitoka misani. Lilikuwa kubwa kupita kanisa. Lilisimama juu ya shamba, likatikisika kidogo, likatulia. Ukikaza macho, chini yake uliuona mgongo wa Kasimiri. Masanja alihamishia ndama kwenye kivuli. Jioni redio ilitangaza kwamba jiwe limezuiwa kwa mitambo ya kisasa, na kwamba hata kama lingeanguka lisingemdhuru mtu, kwa kuwa mtu hayupo.

Novemba ilipofika, katekista Baltazari aliuliza kama amtaje Kasimiri katika misa ya marehemu.

"Mtaje kwenye wagonjwa," alisema Fransiska. "Mgongo unamuuma."

Akatajwa kwenye wagonjwa.

Baadaye alikuja mpimaji wa ardhi aitwaye Leonidas, akapanda bikoni za zege kuzunguka shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unapanda nini? Msimu umepita."

"Mipaka, mama. Hapa ni eneo la hatari. Unatakiwa uhamie Izia."

"Na yule pale juu?"

Leonidas aliinua kichwa, akaweka mkono juu ya macho.

"Yule ni mzee Kasimiri. Ila kwenye ramani hayupo. Hata wewe hupo."

"Tuweke basi."

"Ramani haitoki kwangu. Uhame kwanza, mama, ndipo iwe sahihi."

Fransiska alichukua jembe, akang'oa bikoni ya kwanza, akaibeba kifuani hadi mbele ya nyumba. Akarudia mpaka zikatosha mafiga. Alikoka moto katikati yake, akautupia majani mabichi. Moshi ulipanda mzito, umenyooka, ukalifikia jiwe.

"Hizo ni mali ya serikali," alisema Leonidas.

"Nami nawapikia watu wa serikali. Kaa."

Leonidas alikaa. Alikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kipili, akaongezewa, akanawa, akashukuru. Kisha akaenda kupanda bikoni nyingine. Fransiska alizing'oa jioni ile ile, akampa Masanja afungie ndama.

Mwanzoni Kasimiri alikuwa akikohoa anapoitwa, na Fransiska alijua hiyo ndiyo salamu. Masika haya hajakohoa. Fransiska ameacha kumwita ili asimchoshe, lakini sweta lake hulifua na kulianika juu ya tanuru, mahali ambapo mtu akishuka ataligusa kwanza.

Chini ya kivuli ulezi huchelewa kukomaa, lakini hukomaa. Ramani mpya imetoka, imebandikwa ukutani katika ofisi moja mjini Sumbawanga, na mahali pa shamba hilo ni peupe.

Kila asubuhi Fransiska hukoka moto kwenye mafiga ya zege na kuweka majani mabichi. Jiwe halijaanguka.