Fremu ya Tessa

Jibu la Chuo cha Wexmoor lilifika wakati Denise Wozniak akitoa makaroni kwenye oveni. Hawakumkubali binti yake Tessa, wala hawakumkataa. Walimweka kwenye orodha ya kusubiri. Tessa alisoma habari hiyo kwenye simu huku akitoka sebuleni, na alipofika mlango wa jikoni akakwama ndani ya fremu, mguu mmoja huku, mwingine kule.

"Basi kula hapo hapo," mama yake akasema, akampa sahani. Mdogo wake Tessa, Josie, alipita chini ya mkono wa dada yake kufuata jagi la maziwa.

Asubuhi baba yake, Gary, fundi wa mapaa, aliing'oa fremu ya mlango na kuipakia kwenye gari pamoja na binti, kwa sababu kulikuwa na mtihani wa kemia. Shuleni walikuwapo wengine wawili wenye fremu, nao wa orodha za kusubiri. Mmoja alikuwa amekwama kwenye mlango wa choo, maskini.

Gary ni mtu wa Toledo, mji wa viwanda huko Marekani, na anaamini foleni. Kwa muuza nyama huchukua kikaratasi chenye namba na kungoja aitwe. Akapiga simu Wexmoor, akapokea mama mmoja wa ofisi ya udahili.

"Binti yangu ni wa ngapi?"

"Hakuna wa ngapi, bwana. Hawajapangwa."

"Foleni gani hiyo haina mbele wala nyuma?"

"Inategemea tutapungukiwa na nani. Mwaka jana tulipungukiwa na mpiga tarumbeta."

"Anapiga piano."

"Na inasaidia," mama yule akaongeza kwa upole, "kama familia haitaomba msaada wa ada."

Gary akakata simu, akaenda kupigilia misumari paa ambalo halikuwa na shida yoyote.

Chuo kikuu cha jimbo kilikuwa kimemkubali Tessa, ila kilitaka athibitishe kabla ya siku ya kwanza ya Mei, siku ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho huvaa fulana za vyuo waendavyo. Tessa alikuwa akiitamani Wexmoor tangu utotoni.

"Nikithibitisha huku, si nimekata tamaa?"

"Wakikuita utahama," Gary akasema. "Usipothibitisha, vuli itakukuta umesimama na fremu yako, huna hata ukuta wa kuiegemeza."

Akathibitisha. Fulana nyekundu ilimkaa vizuri, na fremu ikawa nyepesi, akaweza kuibeba begani.

Chuoni, mwenzake wa chumba alikuja na fremu ya mlango wa gereji. Walianika taulo kwenye fremu zao.

Ujumbe wa Wexmoor ulikuja masomo yameshaanza. Orodha imefungwa, waliochukuliwa ni wachache, asante kwa subira yako. Tessa alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Fremu haikutoka.

Jioni mama yake akapiga simu.

"Josie naye kaletewa kijitabu cha Wexmoor. Kizuri, kimejaa picha. Wanamwomba atume maombi."

"Na baba anasemaje?"

"Hayupo. Kaenda kununua fremu ya akiba."